Mizani inafurahisha, kioo hakifurahishi: maswali kuhusu maisha baada ya upasuaji wa kupunguza uzito na kukata ngozi iliyolegea

Upasuaji wenyewe ni wa saa chache. Mtu anatoka na matundu madogo manne au matano tumboni, analala wodini siku mbili tatu, anarudi nyumbani. Kazi inayobaki ni ya miaka. Maswali yafuatayo ndiyo yanayoulizwa sana, mengine kwa sauti ya chini na mlango ukiwa umefungwa.

Tumboni nilifanywa nini hasa?

Kama mfuko wa chakula ulikatwa kwa urefu, basi takriban asilimia 75 hadi 80 yake imeondolewa moja kwa moja, na kilichobaki ni kama ndizi nyembamba. Kipande kilichotolewa ndicho kilichokuwa kikitengeneza sehemu kubwa ya ghrelini, homoni ya njaa, na ndiyo maana miezi ya mwanzo unaweza kusahau kabisa kwamba hujala. Aina nyingine ni ya njia ya mkato: mfuko unabakishwa kipande kidogo cha mililita 30 hivi, kinaunganishwa na utumbo mdogo kwa mbele, chakula kinaruka mwanzo wa utumbo. Hii ina historia ndefu. Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, aliianza mwaka 1966. Puto la tumboni si upasuaji. Linaingizwa kupitia mdomoni na kutolewa baada ya miezi kadhaa, na mfuko unabaki mzima.

Andika jina la ulichofanyiwa kwenye karatasi na uitunze pamoja na kadi ya hospitali. Majibu mengi hapa chini yanategemea hilo.

Zamani nilimaliza sahani ya wali, sasa vijiko vinne nimeshiba. Nitapata nguvu wapi?

Hamia kwenye kisosi cha chai. Protini itangulie, mboga zifuate, ugali au wali uwe wa mwisho kama bado kuna nafasi, na mara nyingi haitakuwepo. Lengo la kawaida ni gramu 60 za protini kwa siku, au zaidi kidogo. Yai moja lina gramu 6 tu, kwa hiyo piga hesabu: yai asubuhi, mtindi saa nne, samaki mchana, maharage yaliyopondwa jioni, dagaa wa kusaga juu ya mboga, maziwa kabla ya kulala. Si rahisi, hasa wiki ambazo hata harufu ya samaki inakuchefua.

Nyama choma iliyokauka, mkate laini na wali mkavu ndivyo vinavyokwama sana. Utasikia kitu kimesimama kifuani, mate yanajaa mdomoni, halafu unatapika. Kata vipande vidogo, tafuna mpaka kiwe kama uji, weka kijiko chini kati ya tonge na tonge. Maji usinywe pamoja na chakula. Subiri nusu saa, kisha nywa kidogo kidogo mpaka ufikishe lita moja na nusu kwa siku.

Tatizo ni nyumba za watu. Ukweni huwezi kusema "nimeshiba" baada ya matonge matatu ukaeleweka. Ushauri wangu: mtafute mapema anayepakua, mwambie ukweli, akuwekee kidogo huko huko jikoni.

Kuna jambo halisemwi vya kutosha. Uji wenye sukari, juisi, chai ya maziwa yenye vijiko vinne vya sukari: hivi havishibishi tumbo hili, vinapita tu. Wengi wanaorudisha kilo baada ya mwaka wa pili hawarudishwi na sahani za pilau. Wanarudishwa na vikombe.

Nikinywa soda natoka jasho, moyo unakwenda mbio, halafu naharisha. Ni presha?

Kama ulifanyiwa njia ya mkato, kuna uwezekano mkubwa sukari imemwagika kwenye utumbo kwa kasi. Hutokea ndani ya dakika 10 hadi 30 baada ya kitu kitamu. Kuna na ile inayochelewa, saa moja hadi tatu baada ya kula: sukari ya damu inashuka, mikono inatetemeka, kichwa kinakuwa chepesi. Dawa ya zote mbili ni kuacha vitamu na kula kidogo kidogo chenye protini. Ikiendelea, nenda ukapimwe sukari, hasa kama bado unatumia dawa za kisukari za dozi ile ya zamani. Dozi hizo, pamoja na za presha, mara nyingi hupunguzwa mapema sana baada ya upasuaji, ila apunguze daktari, usijipunguzie mwenyewe.

Kichwa kikiuma nimeze nini?

Paracetamol. Diclofenac, ibuprofen na aspirin zinaweza kukutoboa kidonda pale palipounganishwa, hasa kwa wa njia ya mkato. Ukifika duka la dawa sema kabla muuzaji hajachagua. Kama aspirin uliandikiwa kwa ajili ya moyo, hilo ni la kuzungumza na daktari wako.

Chupa ya vitamini imeisha na najisikia vizuri. Niendelee?

Endelea. Kwa maisha yako yote. Vitamini B12, madini ya chuma, kalsiamu, vitamini D na foliki haviingii mwilini kama zamani, na upungufu wake huja polepole kiasi kwamba mtu anazoea kuchoka. Wapo wanaoanza kutamani udongo, ule wa pemba unaouzwa sokoni, au kutafuna barafu, wakacheka kwamba ni hamu tu. Mara nyingi ni chuma kimepungua. Kidonge cha chuma na cha kalsiamu visimezwe pamoja, viachane saa mbili, na chai usiinywe karibu na kidonge cha chuma. Damu ipimwe mwezi wa 3, wa 6 na wa 12, kisha kila mwaka.

La haraka: ukitapika siku nyingi mfululizo, kisha ukaanza kuona vitu viwili viwili au kuyumba, wahi hospitali siku hiyo hiyo na utaje upasuaji wako. Huenda ni upungufu wa vitamini B1, na ukichelewa ubongo unaumia.

Nywele zinatoka kwa mafungu.

Huanza mwezi wa tatu hivi baada ya upasuaji na hutulia zenyewe miezi michache baadaye, ikiwa protini na chuma vipo. Pumzisha kusuka rasta za kubana.

Naweza kushika mimba?

Unaweza, na pengine haraka kuliko unavyodhani, kwa sababu uzito ukishuka mayai huanza kupevuka vizuri. Subiri miezi 12 hadi 18. Vidonge vya uzazi wa mpango havitegemewi sana baada ya njia ya mkato. Kijiti, kitanzi au sindano ni afadhali.

Watu mtaani wanasema nimepata ngoma.

Ndiyo, hili lipo. Kwetu mtu akipungua kilo 30 ndani ya miezi sita, jirani haulizi, anahitimisha. Huna deni la maelezo kwa mtu yeyote. Lakini wachague wawili watatu wa karibu uwaambie, kwa sababu siku utakayoishiwa nguvu sokoni, lazima awepo anayejua kwamba tumbo lako lilikatwa.

Nimepungua, lakini ngozi inaning'inia kama nguo ya kuazima. Mazoezi yatairudisha?

Mpira wa kiuno wa sketi iliyovaliwa miaka kumi haurudi hata ukiufua kwa maji baridi. Ngozi ina nyuzi za kolajeni na elastini. Zikivutwa muda mrefu zinakatika. Mwenye miaka 25 asiyevuta sigara ngozi yake hujikusanya kuliko ya mama wa watoto wanne mwenye miaka 45, lakini aliyepungua kilo nyingi karibu lazima abaki na ziada: tumboni, mikononi, mapajani, kifuani. Mazoezi yanajaza misuli chini yake na hilo linasaidia. Krimu haziondoi. Wanaouza mafuta ya "kukaza tumbo kwa siku saba" wanakuuzia mafuta.

Wala hii si ile nyama uzembe. Bana mkunjo kwa vidole viwili: ukiwa mwembamba kama kitambaa, hiyo ni ngozi, na hakuna kufunga kula kutakakoiyeyusha.

Chini ya mkunjo wa tumbo pananuka na kuwasha.

Joto la pwani halina huruma hapa. Jasho linakaa kati ya ngozi mbili, fangasi anapata nyumba. Osha mara mbili kwa siku kwa sabuni isiyo na manukato makali, kausha kwa kugusagusa bila kusugua, kisha laza kipande cha kanga laini iliyofuliwa katikati ya mkunjo ili ngozi isigusane na ngozi. Badilisha kikilowa. Poda ya unga wa mahindi usipake. Ikiwa pamekuwa pekundu au peusi mno, panatoa maji, pana vipele pembeni, unahitaji dawa ya fangasi ya kupaka. Jitahidi daktari apaone na aandike kwenye faili kila unaporudi. Vidonda vinavyojirudia ni sababu ya kitabibu ya kukata ngozi, na mwenye bima atauhitaji ushahidi huo.

Lini naweza kukatwa hiyo ngozi?

Uzito uwe umesimama kwa miezi mitatu hadi sita, jambo ambalo kwa wengi huja kati ya mwezi wa 12 na wa 18. Ukikata mapema, utapungua tena na ngozi italegea tena. Lakini mizani pekee haitoshi. Daktari wa upasuaji rekebishi atataka wingi wa damu na protini yako, na hapa ndipo kile kisosi cha chai kinarudi: mtu aliyeishi mwaka mzima kwa chai na biskuti anafika mwembamba, kumbe hana cha kujengea kovu. Kidonda kinafumuka. Sigara, shisha ikiwemo, iachwe angalau wiki nne kabla na baada, kwa sababu inabana mishipa inayolisha kingo za kidonda.

Wanakata wapi?

Kuna kukata pazia la chini tu, linaloning'inia juu ya kinena. Hiyo ni ya kuondoa vidonda na uzito. Kuna kukaza tumbo zima, ambapo misuli iliyoachana inashonwa pamoja na kitovu kinahamishwa. Kovu linatoka nyonga hadi nyonga. Aliyepungua sana pengine atakatwa kuzunguka kiuno chote kama mkanda. Mkononi kovu hupita kwapani hadi karibu na kiwiko. Usimshinikize daktari afanye vyote siku moja: kadiri unavyokaa kwenye nusu kaputi, ndivyo hatari ya damu kuganda inavyopanda.

Siku za mwanzo zinakuwaje?

Utaamka na mirija miwili inayotoka karibu na kinena, kila mmoja umeishia kwenye kibuyu cha plastiki kilichobonyezwa ili kinyonye majimaji. Mwanzo yana rangi ya juisi ya tikiti, baadaye yanakuwa ya manjano. Unamwaga asubuhi na jioni, unaandika mililita, unakibonyeza tena. Wengi hutolewa mrija yakifika chini ya mililita 30 kwa siku. Utatembea umeinama kama anayetafuta sarafu sakafuni, wiki moja au mbili, na mkanda wa kubana utakaa nao wiki sita hivi. Tembea hata hivyo, mapema na mara kwa mara. Ndoo, mtoto mgongoni na kudeki, hapana kwa wiki sita.

Ndugu watataka kukukanda kwa maji ya moto kama mzazi. Wakatae kwa heshima: "Shangazi, ahsante, daktari amekataza." Ngozi ya chini ya kitovu inakuwa na ganzi kwa miezi, utaungua bila kusikia.

Usisubiri asubuhi ukiona: mguu mmoja umevimba na unauma, pumzi inakata, homa, usaha, ukingo wa kidonda unakuwa mweusi, au upande mmoja umefura ghafla na kuwa mgumu.

Ngozi yetu nyeusi, si nitapata makovu ya kubenjuka?

Uwezekano kwetu ni mkubwa zaidi, hasa kifuani na mabegani, pungufu tumboni. Angalia kovu la chanjo begani na matundu ya hereni. Kama yaliota nyama, mwambie daktari kabla ya kisu. Zipo sindano na mabaka ya silikoni ya kubandika. Kovu huchukua mwaka au zaidi kutulia.

Nimepata nafasi India. Nirudi baada ya siku ngapi?

Muulize atakayekupasua, na umuulize pia nani atakayekutoa mirija na kukuona huku nyumbani. Pata jina la daktari wa hapa kabla hujakata tiketi. Safari ndefu ya ndege mara tu baada ya upasuaji huongeza hatari ya damu kuganda miguuni. Ripoti ya upasuaji uondoke nayo mkononi.

Sina hela ya kukata ngozi. Niishi nayo vipi?

Wengi wanaishi nayo. Taiti ndefu za kubana chini ya gauni huzuia mapaja kusuguana, na pia hulibeba tumbo unapotembea. Pamba karibu na mwili, nailoni mbali. Na usikimbilie kupunguza nguo zote mwezi wa nne. Mwambie fundi aache kitambaa cha kutosha ndani ya mshono, maana mwili bado unahama na kitenge kizuri si bei ya kuchezea.