Gestapo si jina la kila askari mkali

Shemeji yangu anayebeba boksi Minnesota alirusha sauti kwenye kundi la familia. Watu wa ICE, idara ya Marekani inayokamata na kuondoa wahamiaji, ambao yeye huwaita "watu wa barafu", walikuwa wamefika kwenye maegesho ya ghala jirani na lao, nyuso zimefunikwa, wakaondoka na wawili. "Hawa ni Gestapo kabisa, lile jeshi la Hitler." Mwezi huu ni mara ya nne nasikia hivyo, na safari hii nimeshindwa kunyamaza.

Gestapo ilikuwa polisi ya siasa ya Ujerumani ya Wanazi, 1933 hadi 1945, kazi yake kuwasaka waliohesabiwa maadui wa dola. Si jeshi. Wala si SS, ingawa tangu 1934 mkubwa wa zote mbili alikuwa Heinrich Himmler. SS ilianza kama walinzi wa chama cha Wanazi. Gestapo ilikuwa ofisi ya serikali, yenye mafaili na makarani.

Jina lenyewe ni kifupisho tu. Chukua Geheime Staatspolizei, yaani polisi ya siri ya dola, kata vichwa vya maneno: Ge, Sta, Po. Hermann Göring, mmoja wa wakubwa wa Hitler, aliianzisha Prussia, jimbo kubwa la Ujerumani, tarehe 26 Aprili 1933, na inasimuliwa kwamba aliyelikata jina ni karani wa posta, kwa kutafuta kitu kifupi cha kuenea kwenye muhuri. Kabla ya hapo lilifikiriwa jina ambalo kifupi chake kingekuwa GPA, likaachwa kwa kufanana mno na GPU, polisi ya siri ya Wasovieti. Wajerumani walituachia neno shule. Hili la muhuri tumeliokota wenyewe, baada ya kugeuka tusi la dunia nzima.

Hilo neno "siri" ndilo linalowapoteza watu. Ukilisikia unaona askari kanzu, barakoa, gari lisilo na namba. Lakini makao makuu ya Gestapo yalijulikana: Prinz-Albrecht-Straße 8, Berlin. Na hawakuwa wengi kiasi hicho; hata 1944, Ujerumani ikiwa bado imekalia nchi za watu, walikadiriwa kama 32,000. Masikio yao yalikuwa majirani. Wa ghorofa ya chini anamchongea wa juu kwa kusikiliza redio ya London iliyopigwa marufuku, kumbe ugomvi wao wa kweli ni kamba ya kuanikia nguo.

Kilichoifanya Gestapo iwe Gestapo ni karatasi. Sheria ya tarehe 10 Februari 1936 iliziondolea mahakama za utawala uwezo wa kuchunguza mambo yake. Kulikuwa na kitu kinaitwa Schutzhaft, eti kizuizi cha kumlinda mtu: polisi wanajiandikia amri wenyewe, mtu anakwenda kambi ya mateso, hakuna hakimu aliyeiona. Kuna walioachiwa na mahakama wakawakuta Gestapo wanawasubiri mlangoni.

Sasa turudi Marekani. Tarehe 17 Mei 2025 gavana wa Minnesota, Tim Walz, akihutubia wahitimu wa sheria wa chuo kikuu cha jimbo hilo, aliwaita ICE Gestapo wa kisasa wa Trump. Wizara ya Usalama wa Ndani ikamjia juu, na mabishano yakawa ya nani kamtukana nani. Karatasi ikasahaulika.

Nayo ipo. ICE, idara iliyoanza 2003, hutumia hati za namna mbili: moja husainiwa na jaji wa mahakama, nyingine na ofisa wa idara yenyewe. Ya pili inatosha kumkamata mtu barabarani, ila kwa miaka mingi imeeleweka kwamba haimruhusu ofisa kuingia nyumbani bila mwenyewe kukubali. Barakoa ni lalamiko jingine, la haki yake, lakini fundo liko kwenye sahihi. Na mahakama bado zina mlango: Machi 2025 serikali ilipowasafirisha Wavenezuela hadi gereza la El Salvador kwa sheria ya 1798 ya kuwaondoa raia wa nchi adui, shauri lilifika Mahakama ya Juu, ambayo Aprili ilisema wanaokusudiwa kuondolewa kwa sheria hiyo lazima wapewe taarifa na nafasi ya kupinga. Utaniambia waliokwisha kupandishwa ndege hawakuipata nafasi hiyo. Kweli. Basi tuseme hilo, maana lina tarehe na lina kesi. Neno Gestapo linampa msemaji wa serikali njia ya kujibu tusi na kuruka swali.

Shemeji, hasira yako sikuikatazi, na wale wawili wana watu wao wanaowasubiri. Ila ukirusha sauti nyingine, tuambie ile karatasi waliyoonyeshwa ilikuwa na sahihi ya nani.