Je, wajua chipu yenye kengele moja huamshaje kazi ishirini, kila moja kwa mikrosekunde yake?

Hewani, sauti husafiri sentimita 34 hivi ndani ya milisekunde moja. Chukua kihisi cha mwangwi, kile kidude chenye "macho" mawili ya duara kinachofungwa mbele ya roboti ndogo ili isigonge ukuta. Hutoa mlio usiosikika kwa sikio la binadamu, husubiri mwangwi urudi, na programu hupima muda uliopita kati ya hayo mawili. Ukikosea milisekunde moja tu, umekosea sentimita 17 za umbali (nusu ya 34, maana sauti imekwenda na kurudi), na ndani ya sentimita 17 roboti imeshagonga. Sentimita moja ya umbali ni mikrosekunde 58 za kwenda na kurudi, na mikrosekunde ni sehemu moja ya milioni ya sekunde.

Ajabu ni kwamba mikrokontrola, hizi kompyuta nzima zilizobanwa ndani ya chipu moja na kufichwa kwenye mashine za kufulia, mita za umeme na vitu vya kuchezea, hazina saa nyingi za kufanyia kazi hiyo. ATmega328P, moyo wa bodi ya Arduino Uno, ina taima (vipima muda) tatu za maunzi, yaani saketi zenyewe wala si programu, na mbili kati yake hufika 255 tu kabla ya kurudi sifuri. RP2040 iliyomo kwenye Raspberry Pi Pico ina taima moja yenye kengele nne. Lakini programu inayoendeshwa humo inaweza kuwa na taima kumi au ishirini kwa pamoja: moja inapepesa taa, nyingine inasoma joto, nyingine inasukuma mota hatua kwa hatua, na kila moja hudai muda wake kwa mikrosekunde. Zinatoka wapi?

Hazitoki popote, kwa sababu hazipo. Taima ya programu ni mstari tu kwenye orodha: "saa fulani ikifika, fanya jambo fulani". Siri nzima iko katika jinsi orodha hiyo inavyosomwa.

Njia ya zamani, ambayo bado imeenea, ni ya mdundo. Taima moja ya maunzi hugonga kwa mwendo uleule, na kila inapogonga prosesa (sehemu ya chipu inayotekeleza programu) huacha ilichokuwa ikifanya, hupitia orodha na kuuliza: kuna aliyefikiwa na zamu? Kusimamishwa huko ghafla ndiko huitwa katizo. FreeRTOS, mfumo mdogo wa kugawa zamu za kazi ndani ya chipu, unavyokuja tayari kwa chipu za ESP32 hugonga mara 100 kwa sekunde, yaani kila baada ya milisekunde 10. Kwa kupepesa taa, hiyo inatosha na kuzidi. Kwa mwangwi wetu haifai hata kidogo, kwani kati ya mdundo mmoja na unaofuata sauti imeshakwenda mita 3.4.

Mtu akisikia hivyo wazo la kwanza humjia lenyewe: basi tuharakishe mdundo, ugonge kila mikrosekunde! Tupige hesabu. Chipu inayokwenda kwa megahezi 16 ina mizunguko 16 ya saa katika mikrosekunde moja. Prosesa ya Cortex-M3 au M4 hutumia mizunguko 12 kuingia tu ndani ya katizo, yaani kuweka kando ilichokuwa imeshika na kuruka kwenye msimbo mwingine. Imebaki minne. Kwa minne hiyo ipitie orodha, iamue, kisha irudi ilikotoka, na kurudi nako kuna gharama yake. Chipu ingekuwa kama mtu anayetazama saa ya mkononi bila kupumzika hadi akashindwa kufanya kile alichokuwa akikisubiria saa. Hata kwa prosesa yenye kasi mara kumi ya hiyo, makatizo milioni kwa sekunde ili kugundua kwamba hakuna kilichofika ni uharibifu mtupu.

Taima zenye usahihi mkubwa zilipatikana kwa kugeuza swali. Fikiria mlinzi wa zamu katika nyumba ya wageni. Wageni ishirini wamemwachia saa za kuamshwa, naye ana saa moja ya kengele. Mlinzi wa mdundo huamka kila dakika, hufungua daftari, hulifunga, hulala tena. Mlinzi mwerevu hupanga majina kwa kufuata saa, hutega kengele kwa yule wa kwanza tu, kisha hulala. Kengele ikilia anamwamsha mgeni huyo, anafuta jina, anatega kwa anayefuata. Hajali kama kati yao kuna saa tatu au sekunde tatu.

Ndani ya chipu, saa ya mlinzi ni kihesabio cha maunzi kinachokwenda chenyewe bila prosesa kukigusa. Kwenye RP2040 huongeza moja kila mikrosekunde. Kengele ni rejista (kisanduku kidogo cha kutunzia namba) ya kulinganisha: unaandika namba, na kihesabio kinapofika kwenye namba hiyo katizo hutokea. Usahihi sasa unategemea kasi ya kihesabio, ambayo haimgharimu mtu chochote. Hapo ndipo kazi ishirini huishi juu ya kengele moja.

Kupanga daftari ni elimu yake yenyewe. Zikiwa taima chache, orodha ya kawaida iliyopangwa inatosha. Zikiongezeka, kumwingiza mgeni mpya katikati ya orodha ndefu huanza kula muda. Programu za Pico hutumia muundo wa lundo, ambao hujali jambo moja tu: wa kwanza ajulikane upesi. Mwaka 1987 George Varghese na Tony Lauck walieleza gurudumu la muda, ambamo miadi hutupwa kwenye vishimo vya duara kama dakika usoni mwa saa. Linux, mfumo endeshi wa kompyuta, iliendesha taima zake kwa gurudumu la namna hiyo kwa miaka mingi, hadi mwaka 2006 ilipoongeza aina ya pili, za usahihi mkubwa, ambazo hukaa kwenye mti, yaani orodha iliyopangwa kwa matawi.

Mpaka hapa mambo yanaonekana mepesi, na kwa kweli wazo lenyewe ni jepesi. Kinachowakosesha watu usingizi ni pembe zake.

Pembe ya kwanza ni kutega kengele iliyopitwa. Sasa hivi kihesabio kinasoma 5,000 na miadi inayofuata ni 5,003. Unaanza kuandika 5,003 kwenye rejista, lakini kabla hujamaliza katizo lingine linaingia, nawe unaporudi kihesabio kiko 5,010. Umeandika namba ambayo imeshapita. Kengele haitalia, kwa sababu maunzi husubiri namba zilingane, hayajui "kupitwa". Kwenye RP2040 kengele hulinganisha biti 32 za chini (biti ni tarakimu ya sifuri au moja), kwa hiyo namba hiyo itakuja tena kihesabio kitakapozunguka chote, baada ya dakika 71 na sekunde 35 hivi. Kifaa kinaganda kwa zaidi ya saa nzima, kisha kinazinduka kana kwamba hakikutokea kitu, na aliyekuja kukichunguza anakikuta kizima. Dawa yake ni sentensi moja: baada ya kutega, soma kihesabio tena, ukiona miadi imeshapita, mwamshe mgeni wewe mwenyewe usisubiri kengele. Sentensi moja, lakini ukiisahau majaribio mafupi ya mezani hayatakuambia.

Ya pili ni kuteleza. Taima inatakiwa kulia kila mikrosekunde 1,000. Inapolia, programu inasoma saa na kusema: "tangu sasa, ongeza 1,000". Kosa lipo kwenye neno *sasa*. Kati ya kengele kulia na programu kusoma saa zimepita, tuseme, mikrosekunde 7. Mzunguko umekuwa 1,007, na kila mara ni hivyo. Ukiiacha siku nzima, taima imebaki nyuma dakika 10. Anayejua hasomi saa kabisa. Huongeza 1,000 kwenye miadi iliyopita. Hapo zile mikrosekunde 7 hubaki kuwa ucheleweshaji mdogo wa mara mojamoja wala hazirundikani.

Halafu kuna kuzunguka kwa kihesabio, maarufu kuliko zote. Kwenye Arduino, amri ya kusoma mikrosekunde hurudisha namba ya biti 32, ambayo nayo hurudi sifuri baada ya zile dakika 71. (Kwenye Uno huruka nne nne, haihesabu moja moja.) Wengi huandika "kama sasa imezidi mwisho, fanya kazi", na msimbo huo huenda vizuri hadi mwisho unapoangukia ng'ambo ya sifuri. Ukitazama uso wa saa utaona njia ya kutoka. Mshale ulikuwa kwenye dakika ya 50, sasa uko kwenye ya 10. Ukiuliza ipi kubwa, umepotea. Ukiuliza zimepita ngapi, jibu ni 20 na hakuna utata. Toa, usilinganishe. Namba zisizo na alama ya hasi hufanya utoaji huo sawasawa hata zikizunguka, mradi muda unaoupima hauzidi mzunguko mmoja.

Hata wakubwa wameteleza hapo. Mwaka 2015 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, iliagiza ndege za Boeing 787 zizimwe umeme mara kwa mara, kwa kuwa vidhibiti vya majenereta yake vikikaa siku 248 mfululizo bila kuzimwa, kihesabio ndani ya programu hufurika na vyote vinaweza kujizima. Mbili kwa kipeo cha 31, kikomo cha namba ya biti 32 inayobeba alama ya hasi, ukiihesabu kama sehemu za mia za sekunde, ni siku 248 na nusu. Hesabu hiyo inajisemea.

Mtu atauliza kwa nini tusitumie biti 64 tukapumzika. Tunatumia. Lakini prosesa ya biti 32 haiwezi kuimeza namba hiyo kwa funda moja. Husoma nusu, kisha nusu ya pili. Ikiwa nusu ya chini itajaa na kurudi sifuri katikati ya masomo hayo mawili, utaunganisha nusu ya kabla na nusu ya baada, na saa yako itaruka dakika 71 mbele au nyuma. Kwa hiyo programu za Pico husoma nusu ya juu, kisha ya chini, kisha ya juu tena. Nusu ya juu ikiwa imebadilika, hutupa yote na kuanza upya. Mimi napenda ujanja huu kuliko mwingine wowote katika fani hii, kwa jinsi usivyohitaji kifaa chochote cha ziada.

Usije ukadhani, hata hivyo, kwamba taima inayohesabu mikrosekunde moja moja itakuamsha ndani ya mikrosekunde moja. Katizo likizuiwa kwa sababu msimbo mwingine uko katika kazi nyeti, kengele italia na hakuna atakayeisikia hadi kazi hiyo iishe. Mgeni wa kwanza akichukua muda mrefu kuvaa viatu, wa pili anachelewa. Kwenye ESP32, ambayo huenda kwa megahezi 240, huduma ya taima yenye hatua ya mikrosekunde moja haiahidi miadi ya mara moja chini ya mikrosekunde 20 wala ya kujirudia chini ya 50. Kwa hiyo taa za rangi za WS2812, ambazo hutofautisha sifuri na moja kwa mapigo yasiyofika hata mikrosekunde moja, haziendeshwi kwa taima ya programu. Hizo mara nyingi ni kazi ya maunzi yaliyotengenezwa kwa ajili hiyo.

Na chini ya yote kuna kipande cha kristali kinachotetemeka, maana kihesabio huhesabu mitetemo yake tu. Kristali ya saa ya mkononi hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde, kila mtetemo mikrosekunde 30.5, chipu nyingi huegemea kristali ya namna hiyo zinapolala ili kuokoa betri, na usahihi wa taima zake hushuka pia. Kristali ya kasi hukupa hatua ndogo zaidi, lakini hatua ndogo si lazima iwe hatua ya kweli. Iliyo ya kawaida hukosea kwa sehemu 20 hivi katika milioni, ambazo kwa siku ni sekunde 1.7. Kihesabio cha biti 64 kinachohesabu mikrosekunde kitajaa baada ya miaka 584,000 na ushee. Kikifika huko kwa kristali hiyo, kitakuwa kimekosea miaka 11 na miezi kadhaa.