Dhambi ina mkia

Likitajwa neno dhambi, mara nyingi atatokea wa kueleza kwamba maana yake ya asili ni "kukosa shabaha". Maelezo hayo ni ya kweli, ila hayalihusu neno dhambi lenyewe. Ni ya maneno ya Kiebrania na Kigiriki ambayo sisi tumeyafasiri kwa dhambi, na kwa kuwa kazi yangu ni historia ya maneno, napenda tuyatenganishe.

Kitenzi cha Kiebrania ni hata. Waamuzi 20:16 inawataja watu 700 wenye kutumia mkono wa kushoto, walioweza kuulenga unywele kwa jiwe la kombeo wasiukose. Kukosa huko kunatajwa kwa kitenzi kile kile kinachotumika kwingine kwa aliyemkosea Mungu. Katika Kigiriki, Homer, mshairi wa Ugiriki ya kale, hutumia hamartano kwa silaha iliyomkosa adui; karne nyingi baadaye Agano Jipya likaiita dhambi hamartia. Msemaji wa Kiswahili hapati shida hapa: mwindaji humkosa mnyama, mtu humkosea mwenzake.

Dhambi, kwa upande wake, imetoka kwenye Kiarabu dhanb, n ikageuka m mbele ya b. Al-Raghib al-Isfahani, mtunzi wa kamusi mashuhuri ya maneno ya Kurani, alilihusisha na dhanab, yaani mkia: tendo huitwa hivyo kwa sababu ya matokeo mabaya yanayolifuata nyuma. Maelezo haya nayapenda sana. Shabaha hututazamisha ile dakika ya kutenda. Mkia hututazamisha yanayobaki mtendaji akishaondoka, aliyedhulumiwa akiwa bado anaumia.

Tena, shabaha ikiachwa peke yake huifanya dhambi ionekane kama mkono uliteleza tu, na hilo linanisumbua. Waandishi wa Biblia wenyewe hawakuishia hapo. Zaburi ya 32 inaweka pamoja na dhana ya kukosa maneno mengine mawili: pesha, ambalo ni uasi, na awon, ambalo ni upotovu. Yohana katika waraka wake wa kwanza, 3:4, anasema wazi kuwa dhambi ni uasi.

Anayetafuta neno la Kiswahili lenye undugu na lile la Kiebrania atalipata katika hatia. Limetufikia kupitia Kiarabu, kutoka mzizi ule ule wa kukosea wa Kisemiti, jamii ya lugha zenye Kiebrania na Kiarabu, ingawa siku hizi hakimu hulitumia zaidi kuliko mhubiri.