Yule nyati mwekundu wa Trinidad sio chotara wa ng'ombe, jamani

Ile picha imerudi tena kwenye grupu la wafugaji. Dume jekundu, nene, pembe zimelalia nyuma, na chini mtu kaandika ni nyati aliyepandishwa na ng'ombe huko Karibiani, halafu wananitagi: daktari, mbegu tunapata wapi? Nimechoka kujibu, naandika hapa, atakayeuliza tena namtumia linki.

Huyo ni Buffalypso, nyati maji mtupu, damu ya ng'ombe hana hata tone. Ng'ombe ana kromosomu (vibeba urithi ndani ya seli) 60, nyati maji wa aina ile ana 50, na huyu mbogo wetu wa Mikumi ana 52 na ni jamii nyingine kabisa, kwa hiyo msiniletee habari za kumfuga. Dume la nyati linaweza kumpanda ng'ombe kama wamekua pamoja, sawa, ila kromosomu hazilingani, ndama hutapata. Hilo tumemaliza.

Aliyemtengeneza ni daktari wa mifugo mwenzetu, Steve Bennett wa Trinidad. Nyati walikuwa wameletwa kule kutoka India kuvuta mikokoteni ya miwa, aina za Murrah, Surti, Jafarabadi na nyinginezo, wakachanganyikana humo humo mashambani. Trekta zikaingia, wanyama wakakosa kazi. Bennett akawaangalia akaona nyama.

Sasa hapa ndo mnaponiudhi. Kila mtu anasema "alichanganya breed tano", kana kwamba kuchanganya ndo kazi! Kuchanganya hata kundi lisilo na mchungaji linajichanganya. Kazi ni kuchagua, na kuchagua maana yake ni kukataa. Mnyama wa kukokota ana mabega mapana na nyuma kakonda, wakati nyama ya bei iko mgongoni na mapajani, kwa hiyo unatafuta anayejaa nyuma, anayekua haraka, mpole, hao ndo wazae, na madume mengine yote yanahasiwa hata kama mwenyewe unayapenda. Kisha unasubiri. Nyati anabeba mimba kama miezi 10, mtamba anazaa akiwa na miaka 3 hivi au zaidi, piga hesabu mwenyewe vizazi vinne ni lini. Sisi huku tunafanya kinyume: dume zuri linauzwa sikukuu kwa sababu lina bei, kale kadhaifu kalikokosa mteja ndo kanabaki kupanda majike, halafu mnaniuliza mbona ndama wanazidi kuwa wadogo.

Niseme na ambalo vitabu hulipitia juu juu. Sijui ni kiasi gani cha ule unene ni damu na kiasi gani ni majani tu. Mnyama aliyekuwa anavuta miwa kutwa ukimpumzisha ukampa malisho ya maana, atanenepa hata usipochagua kitu, na kutenganisha hayo mawili shambani sio mchezo. Na rangi nyekundu wanayoisifia, mimi naona hailiwi.

Ila kazi ilikubalika, wanyama walisafirishwa mpaka Venezuela na Colombia, wengine wakaanza kuwakamua na kutengeneza jibini maana mafuta ya maziwa ya nyati ni karibu mara mbili ya ya ng'ombe. Nyumbani ndo mambo yakaharibika: miaka ya mwisho ya 1990 brusela, ule ugonjwa wa kutupa mimba, ikaingia kwenye makundi ya Trinidad, chanjo ya RB51 ikajaribiwa kwa nyati hao hao, matokeo hayakuridhisha, na 2003 Caroni, kampuni ya sukari iliyokuwa na kundi kubwa, ikafungwa. Kwa hiyo hata huyo mbegu mnayemlilia, uliza kwanza cheti cha brusela.

Na anayetaka ng'ombe aliyechanganywa kweli, akachujwa miaka na miaka na wataalamu, damu ya Sahiwal na Red Sindhi za Asia na zebu wetu ndani yake, ng'ombe aina ya Mpwapwa yupo pale Dodoma. Sijawahi kutagiwa picha yake.