Fumbo la hesabu ni nini, na mwanafunzi wa sekondari hukwama wapi?

Fumbo la hesabu ni swali linalosimulia hali fulani kwa maneno, bila kumwambia mwanafunzi ajumlishe, atoe, azidishe au agawanye. Kitendo chenyewe ndicho kilichofumbwa. Ndiyo maana mtoto anayekokotoa 3x + 12 = 2(x + 12) bila shida anaweza kuduwaa akisomewa fumbo la umri wa baba na mwanawe, ingawa hesabu ni ileile.

Wengi tulifundishwa kuwinda neno: ukiona "zaidi" jumlisha, ukiona "baki" toa. Mbinu hii nimeikataa kabisa. Asha ana shilingi 5,000, ambazo ni 1,200 zaidi ya alizo nazo Rehema. Rehema ana ngapi? Mwinda maneno atajibu 6,200. Aliyejiuliza kwanza nani ana nyingi atatoa, apate 3,800.

Kikwazo kikubwa zaidi ni herufi. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1981, wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uhandisi walitakiwa kuandika mlinganyo wa sentensi hii: chuo kina wanafunzi mara sita ya maprofesa. S iwe idadi ya wanafunzi, P idadi ya maprofesa. Zaidi ya theluthi moja walikosa, na kosa lililotia fora lilikuwa 6S = P. Tujaribu kwa namba: maprofesa wakiwa 10, wanafunzi ni 60. Je, 6 × 60 ni 10? Sahihi ni S = 6P. Aliyekosea anaisoma S kama "wanafunzi", yaani watu wenyewe, wakati S ni idadi yao. Kwa hiyo mwanafunzi aandike sentensi kamili kabla ya mlinganyo: "x ni umri wa mtoto sasa, kwa miaka." Kuandika "x ni mtoto" hakutoshi.

Tanzania kuna mzigo mwingine. Watoto wengi husoma hisabati kwa Kiswahili shule ya msingi, kisha wanakutana na mafumbo ya Kiingereza kidato cha kwanza. Kiingereza mara nyingi hutanguliza namba inayotolewa, kama katika "5 less than x", na mtoto huandika 5 − x palipotakiwa x − 5. Mruhusu alisimulie swali kwa Kiswahili kwanza: "namba fulani, ukiipunguza 5." Mpangilio unanyooka wenyewe.

Sasa fumbo la baba. Umri wake ni mara tatu ya umri wa mwanawe. Baada ya miaka 12 utakuwa mara mbili. Mtoto ni x, baba 3x. Miaka 12 ikipita, mtoto ni x + 12 na baba 3x + 12. Mlinganyo ni ule wa mwanzo, na x ni 12. Jibu lihakikiwe ndani ya kisa, kwa sababu mlinganyo uliokosewa utalikubali jibu lake bila kusita: leo 12 na 36, ambayo ni mara tatu, baadaye 24 na 48, ambayo ni mara mbili.