Oili "maji" na joto la Dar: dhana nne za gereji

Fungua boneti ya Toyota Vitz ya karibuni iliyoshushwa bandarini kutoka Japani, uangalie mfuniko wa oili. Nyingi zimeandikwa 0W-20, alama ya uzito wa oili, yaani inavyogoma kutiririka: namba ya kwanza ni ikiwa baridi, ya pili ikiwa moto, na namba ikiwa kubwa oili ni nzito zaidi. Mwambie fundi hivyo, naye atakucheka: "Bosi, hiyo ni maji, ya kwao kwenye baridi. Huku weka 20W-50."

Dhana: Kwetu joto, injini inataka oili nzito.
Hii ndiyo inayoaminiwa kuliko zote, lakini injini haiishi kwenye hewa ya Dar. Temosteti, kile kilango kinachofunguka kwa joto, huyazuia maji ya kupoza injini yasiende kwenye rejeta mpaka yafike nyuzi 80 na kitu. Baada ya hapo rejeta na feni huyazuia yasichemke. Gari lililokwisha kupata moto, liwe Sapporo kwenye theluji ya Japani au Kariakoo, oili yake huwa karibu na nyuzi 100. Joto la nje linahusika zaidi pale unapowasha, na hapo hesabu inamgeukia fundi. Ikiwa na nyuzi 40, 0W-20 ina uzito wa sentistoki (kipimo cha uzito huo wa kutiririka) 45 hivi. 20W-50 iliyofika nyuzi 100 ina kama 18 tu. Yaani yale "maji" unayowashia gari asubuhi ni mazito zaidi ya mara mbili kuliko 20W-50 iliyopata moto. Na 20W-50 ya asubuhi? Inapita 150.

Dhana: Oili nzito ina presha, na presha ndiyo ulinzi.
Presha inaonyesha tu kwamba pampu inasukuma kitu kinachogoma kupita. Kinachoitenga krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) na beringi zake ni utando wa oili, ambao krenki yenyewe huujenga ikizunguka, kwenye nafasi nyembamba kuliko unywele. VVT-i, mfumo wa Toyota wa kubadili muda wa kufunguka kwa valvu, nayo inaendeshwa na oili hiyohiyo kupitia vitundu vidogo, ambavyo oili nzito hupita kwa shida.

Dhana: Wenye viwanda wanataka injini ife mapema ununue nyingine.
Wanachobana ni mafuta. Marekani ina sheria ya matumizi ya mafuta ya magari tangu 1975, na Japani ina viwango vyake. Oili nyepesi huokoa asilimia moja au mbili hivi: kwako kidogo, kwa anayeuza mamilioni ya magari ni nyingi. Hapa nampa fundi haki yake kidogo: 0W-20 haikuchaguliwa kwa kuwa inalinda kuliko zote. Vitabu vya Toyota vyenyewe hukubali kwamba oili nzito zaidi yaweza kufaa kwa mwendo mkali au mzigo mkubwa. Kwa anayepanda mlima Kitonga gari limejaa, 5W-30 naielewa. 20W-50 kwenye Vitz siielewi.

Dhana: Basi 0W-20 iwekwe kila gari.
Hapana. Land Cruiser ya dizeli yenye injini ya 1HZ iachiwe 15W-40 yake. Na injini inayokula oili kwa sababu ringi za pistoni zimechoka, ukiitia nzito moshi utapungua kwa muda, ila ringi zitabaki vilevile. Hiyo ifunguliwe.