Je, wajua? Kuna mji Afghanistan ambao idadi ya watu wake ni hesabu ya fundi cherehani

Kwanza tuelewane, mji wenyewe unaitwa Panjab, ila sio ile ya India na Pakistan walikotoka mafundi wa reli ya Mombasa. Hii ni kamji kadogo milimani katikati ya Afghanistan, mkoa wa Bamyan, wenyeji wake wengi ni Wahazara na wanaongea Kihazaragi, ambacho ni Kiajemi cha kwao. Jina tu ndo limefanana, panj ni tano, ab ni maji.

Sasa niliwahi kuandaa chemsha bongo ya grupu letu la WhatsApp, nikauliza mji wa Panjab una watu wangapi, na jibu nikaweka namba ya makumi ya maelfu niliyoikuta mahali, pembeni nikaandika "sensa". Mstari mmoja, makosa mawili.

Kosa la kwanza, namba ilikuwa ya wilaya nzima. Mji na wilaya vina jina moja, na hapo wengi tunateleza. Tena kwa Waafghani wilaya inaitwa woluswali, halafu wilayat kwao ni mkoa, yaani neno letu lile lile la Kiarabu ila kule limepandishwa cheo. Nilichofanya ni sawa na kukusanya watu wote wa wilaya ya Lushoto, wa Mlalo na wa Mtae wakiwemo, halafu niseme wote wanalala pale Lushoto mjini.

La pili ndo lilinitoa jasho. Sensa yenyewe haipo! Sisi tumezoea karani anapiga hodi anauliza nani alilala hapa, ndo maana Tanzania 2022 tukapata 61,741,120, mpaka yule wa mwisho kabisa. Afghanistan walijaribu Juni 1979, vita vikawakatisha, maeneo mengi hayakufikiwa na wafugaji wanaohamahama wakakadiriwa tu. Mwaka 2003 hadi 2005 wakaorodhesha kaya kujiandaa na sensa ya 2008, nayo ikaahirishwa.

Kwahiyo hizi namba zinazotoka kila mwaka zinatokea wapi? Mchukulie fundi cherehani aliyempima mtoto akiwa darasa la kwanza halafu hajamwona tena. Kila Januari mama anaagiza sare, fundi anafungua daftari, anaongeza inchi mbili kwenye suruali, anashona. Watakwimu nao wanachukua orodha ya zamani wanaongeza kama asilimia 2 kila mwaka, na kwa kuwa kila nyongeza inapanda juu ya nyongeza iliyopita, watu 10,000 baada ya miaka 20 wanakuwa karibu 14,900. Hesabu iko sawa kabisa, shida fundi hajui kama mtoto aliugua, alinenepa au alishahama. Na Wahazara wamehama kweli, wengi wako Kabul, Iran na Quetta kule Pakistan, na waliohama baada ya kupimwa, kwenye daftari bado wanaongezewa inchi kule kule Bamyan.

Kuna njia ya pili, kuhesabu mapaa kwa satelaiti halafu unazidisha kwa wastani wa watu kwa nyumba. Ni kama kukadiria waumini kwa kuhesabu ndala nje ya msikiti, inasaidia sana ila nyumba za udongo zenye paa bapa la udongo, juu ya udongo wa rangi ile ile, sio ndala rahisi kuziona, na banda la mbuzi nalo lina paa.

Ila niwe mkweli, Panjab ina afadhali. Bamyan ndo mkoa wa kwanza kufanyiwa uchunguzi mpya wa nyumba kwa nyumba, mwaka 2011, UNFPA (shirika la Umoja wa Mataifa la idadi ya watu) wakisaidia, kwahiyo fundi alipata vipimo vipya angalau mara moja. Tangu hapo karudi kwenye daftari.

Swali la grupu nimelibadilisha, sasa nauliza panj ab maana yake nini.